Duka la Mzazi na Haki ya Mtoto

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu Waislamu, tangu Namoruputh mpaka Lodwar na Kakuma, nyumba zetu nyingi zala kwa biashara ya baba au mama: duka la unga na sukari, mkahawa wa chai, cherehani barazani, uuzaji wa mbuzi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulikuta Kakuma peke yake pana biashara zaidi ya 2,000. Na sasa imezuka kazi ya namna nyingine. Kule Loropio, kando ya Ziwa Turkana, chuo cha kuwafunza vijana kazi za kompyuta kilikamilika mwaka 2021; na wako wamfanyiao kazi tajiri wa ng'ambo wasiyepata kumwona, nao wameketi nyumbani. Kazi hizi husifiwa kwa jambo moja, kwamba mtu hujichagulia saa zake.

Sifa hiyo hatuikanushi. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka, na Mtume (s.a.w.) alisafiri Sham na mali yake kabla ya kumwoa. Na mzazi afanyaye kazi nyumbani aweza kumwuguza mwanawe na kumsikiliza akisoma.

Lakini kazi isiyo na saa yake huzila saa zote. Mteja hugonga dirisha usiku, naye hufunguliwa. Simu hulia wakati wa chakula, nayo hujibiwa. Mtoto aulizapo jambo huambiwa, "Ngoja." Kisha hutolewa madrasa akae dukani, baba apate kwenda kununua bidhaa. Mwaka ukiisha duka limejaa, na mtoto hajui juzuu wala hesabu. Je, faida hiyo ni ya nani?

Katika Surat al-Jumua Mwenyezi Mungu ameamrisha biashara iachwe ikiadhiniwa sala ya Ijumaa, na sala ikiisha ameruhusu watu watawanyike kutafuta fadhila Yake. Tazameni mpango huo: siku haikufungwa yote, wala haikuachwa wazi yote. Kazi ina mpaka, na mpaka huo hauwekwi na mteja.

Kwa hiyo twanasihi. Kwanza, baina ya magharibi na isha mlango ufungwe na simu inyamazishwe. Wakati huo ni wa watoto. Pili, mtoto asaidie baada ya masomo, asitolewe masomoni. Tatu, mume asiitwae faida ya mkewe. Chumo la mwanamke ni lake, kama ilivyo katika Surat an-Nisaa, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Nne, afanyaye kazi kwa simu ajue kwanza kazi ni ipi na ujira ni kiasi gani, kwani mafakihi wameshurutisha hayo katika ijara. Kukesha kwa ujira usiojulikana ni kujidhulumu.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Hapa petu watu waujua uchungaji: mbuzi huhesabiwa jioni wakirudi zizini, na akikosekana mmoja hutafutwa. Basi nasi kila jioni, kabla ya kuhesabu fedha, tuwahesabu watoto wetu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.