UJIRA NI AMANA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, kila wafanya kazi wanapogoma hawakosi watu, na baadhi yao wako juu ya mimbari, wasemao kuwa hiyo ni fitna. Basi na tutazame fitna hutoka wapi.

Katika mji wa Mahalla al-Kubra, huko Misri, pana kiwanda kikubwa cha serikali cha kusokota nyuzi na kufuma nguo. Mwaka 2006 Waziri Mkuu aliwaahidi wafanya kazi wa viwanda vya serikali bonasi ya mwaka ya mishahara ya miezi miwili. Ilipofika Desemba, watu wa Mahalla wakakuta zile zile paundi 100 walizozizoea. Wa kwanza kuweka kazi chini walikuwa wanawake washonao nguo, wakawauliza wanaume wako wapi. Wakasimama watu zaidi ya 20,000, na kwa siku chache wakapata sehemu ya haki yao. Lakini ahadi nyengine hazikutimizwa, wakagoma tena mwaka 2007.

Mwaka 2008 wakataka mshahara wa chini uwe paundi 1,200 kwa mwezi, wakaweka mgomo tarehe 6 Aprili. Serikali ikajaza askari kiwandani. Mji ukachafuka, na watu wakauawa. Vijana waliokuwa wameunga mkono mgomo huo wakajiita kwa jina la siku ile, na Januari 2011 walikuwa miongoni mwa walioita watu barabarani. Tarehe 11 Februari Husni Mubarak akaondoka, baada ya kutawala karibu miaka 30.

Zingatieni, ndugu zangu. Jambo lilianza kwa deni. Aliyelitia katika siasa ni yule aliyemjibu mdai kwa askari. Wala sisemi kuwa kila lililotendwa lilikuwa jema: waliovunja maduka na kutia moto mali za watu walidhulumu wasiowadhulumu. Wala kuondoka mtawala hakukuleta uadilifu peke yake; mwaka 2014 mahakama ilikipiga marufuku chama kile cha vijana. Dhulma haina budi kung'olewa katika nyoyo na katika mikono.

Basi tuanze na mikono yetu. Mtume ametuamrisha tumlipe mfanya kazi upesi, jasho lake lingali mwilini. Na katika sisi wako wasimamao safu ya mbele, ilhali mpishi wao, au mwalimu wa chuo wafundishiwako watoto wao, hajaona mshahara kwa miezi miwili. Mtu huyo akidai, husemwa hana adabu. Yeye hana kiwanda wala wenzake 20,000 wa kusimama naye. Ana Mola wake tu, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia.

Mlipeni kabla ya Ijumaa ijayo. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi. Amin.