Bei ya Mnada na Dau la Uongo

Katika darsa yetu tuliletewa suali na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa mwambao, akaaye Nairobi katika mtaa wa Umoja. Ana cherehani aliyoachiwa na marehemu baba yake, naye ataka kuiuza kwa mnada wa simu ili apate karo ya mtoto. Mnada huu, kwa asiyeujua, hauna kengele wala dalali apazaye sauti. Picha ya kitu hupelekwa kwa watu walio katika kundi moja, ikatajwa bei ya kuanzia na saa ya kufunga, na kila atakaye huandika dau lake. Aliye juu saa ifikapo ndiye mnunuzi, naye hulipa kwa M-Pesa. Aghalabu huanzwa na bei ndogo mno, kama shilingi 500, ili watu wavutike. Sasa nduguye aliye Kaloleni (ya huko huko Nairobi, si hii yetu ya pwani) amemwahidi kuandika madau mpaka bei ifike 9,000, kisha atanyamaza. Na cherehani kama hiyo, asema, huko Gikomba haipungui 9,000. Auliza: pana dhambi gani, ilhali mnunuzi hatapunjwa hata senti moja?

Twakiri kwamba baadhi yetu mwanzo waliona jambo hili halina neno.

Mnada wenyewe hauna makosa. Imepokewa kwa Anas bin Malik ya kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alimnadia Ansari mmoja fukara tandiko na bakuli lake, mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza ni nani azidishaye, na mwingine akatoa mbili. Wala hakukubali kuwapangia watu bei zilipopanda Madina. Basi ndugu yetu akitaka 9,000, au hata 12,000, ni haki yake kuzitaka.

Walakini Mtume alikataza najash, nayo ni kupandisha bei ya kitu pasipo nia ya kukinunua. Hapa ndipo penye mashaka, kwani Ibn al-Arabi, yule kadhi wa Andalusia wa madhehebu ya Maliki (si yule wa tasawwuf), alisema ya kuwa mwenye kukipandisha kitu mpaka thamani yake ya haki hana dhambi, bali ana thawabu. Nduguye wa Kaloleni angefurahi kuisikia kauli hii!

Sisi hatukuridhika nayo. Atakaye kumfaa muuzaji aweza kusema waziwazi kwamba kitu hiki thamani yake ni 9,000. Ni lazima gani ajifanye mnunuzi? Tena dau si hesabu tu. Dau ni ushahidi: lasema yuko mtu mwingine akitakaye kitu hiki kwa bei hii. Mnunuzi akiwa Gikomba huigusa cherehani, akaizungusha gurudumu, akashona kipande cha nguo. Katika simu ana picha na madau ya wenziwe, basi. Ukimtilia uongo katika madau, umemnyang'anya nusu ya macho yake, hata kama bei aliyoifikia ni ya haki.

Katika madhehebu yetu ya Shafii biashara hiyo yasihi, dhambi ni juu ya waliohadaa, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi mnunuzi hana khiari ya kurudisha, kwa kuwa alizembea kuchunguza. Kwa Maliki anayo khiari ikiwa muuzaji alijua. Hatuthubutu kuigeuza kauli ya wanazuoni wetu, ila twajiuliza mnunuzi aliye Kayole, kitu kikiwa Umoja, angechunguza kwa njia gani. Na asidhani mtu kwamba pasipo khiari hapana dhuluma.

Ndugu yetu alijibu kwamba akianza na 9,000 watu watapita. Ni kweli, huenda wakapita, na Januari haimngoji. Basi na achague: aanze na 500 aridhike na litakalokuja, au aanze na 500 na aandike palepale kwamba hauzi chini ya 9,000. Vilevile tulimwomba aoneshe katika picha ule ukanda uliochakaa, ambao sisi alitutajia, lakini katika tangazo lake hatukuuona.