Kanuni Ikilegezwa, Ni kwa Faida ya Nani?



Nilipokuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, kipindupindu kiliingia vijiji vya jirani. Mimi ndiye niliyetunza fedha za vitabu. Mwalimu wa bweni alinijia akiomba fedha za sabuni na dawa ya maji. Nikamjibu, "Ndugu yangu, fedha hizi ni za vitabu." Akarudi mikono mitupu. Siku ya tatu wanachuo wawili walipelekwa hospitali. Walipona, namshukuru Mungu, lakini jibu lile lanisumbua hata leo. Je, nilitii kanuni, au nilijificha nyuma yake?

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule za Marekani, serikali kuu ya nchi ile ilikabiliwa na swali hilo hilo. Huko fedha nyingi za shule hutoka katika majimbo na wilaya. Serikali kuu huongeza fungu kwa ajili ya shule zenye watoto wengi maskini, kwa sheria ya mwaka 1965. Fungu hilo lina masharti. Kwa kawaida wilaya nyingi haziruhusiwi kubakiza zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka unaofuata. Na chakula cha shule, ambacho kina fungu lake, huliwa pale pale, mtoto mwenyewe akiwapo. Masharti hayo si ya kipuuzi. Yaliwekwa ili fedha zimfikie mtoto wa leo, na chakula kiingie kinywani mwake.

Lakini shule ikifungwa, mtoto atalaje shuleni? Basi Machi 2020 Bunge lilifungua njia: wazazi wakaruhusiwa kuchukua chakula na kukipeleka nyumbani, na kikomo cha asilimia 15 kikaweza kuondolewa. Hapo kanuni ililegezwa ili kusudi lake litimie.

Sasa tutazame upande wa pili. Bunge lilitoa pia dola zaidi ya bilioni 13 kwa shule, likaagiza wanafunzi wa shule za binafsi wahudumiwe kwa utaratibu wa sheria ya zamani, ambao huhesabu watoto maskini. Julai 2020 Waziri wa Elimu, Betsy DeVos, alitoa kanuni iliyozisukuma wilaya kuhesabu wanafunzi wote wa shule hizo, hata wa matajiri. Hoja yake ilikuwa kwamba janga limewagusa wote. Hoja hiyo ina ukweli, kwani shule za binafsi, za makanisa zikiwamo, ziliumia pia. Lakini mvua ikinyesha juu ya wote, asiye na paa ndiye alowaye zaidi. Septemba 2020 hakimu wa Washington, D.C., aliifuta kanuni hiyo, akisema maneno ya sheria yalikuwa wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kulegeza kanuni, yafaa tujiulize mambo matatu. Iliwekwa kumlinda nani? Ikilegezwa, huyo atapata au atapoteza? Na ruhusa itakoma lini? Kule Marekani ruhusa ya kuwalisha watoto wote bure nchi nzima ilikoma 30 Juni 2022. Wengi walisikitika, lakini kila mtu aliijua tarehe, na waliotaka iendelee walipaswa kuitetea mbele ya watu.

Mtu atasema, "Kila mtunza fedha akijiamulia, wizi utaingia." Ni kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo maana ruhusa iandikwe, itiwe sahihi, na isomwe hadharani. Nami ningaliweza kuandika barua fupi, mkuu wa chuo akatia sahihi, na sabuni ikanunuliwa jioni ile. Sikufanya hivyo, kwa sababu kusema "hapana" kulikuwa rahisi zaidi.

Ndugu zangu tunaotunza mafungu ya kanisa na ya shule, siku moja mtu atabisha mlangoni kwetu. Tusimpe kanuni pekee, bali tumsaidie kutafuta njia iliyo halali.