Chenji ya Pipi

Nilipokuwa nauza kwenye kioski cha shangazi, chenji ikikosekana natoa pipi. Nani atagombana kwa ajili ya shilingi tano? Siku moja bibi mmoja akaitazama ile pipi kiganjani, akaniuliza, "Mjukuu wangu, kesho nikikuletea hii utanipa chumvi ya tano?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilimkumbuka juzi, ndugu msomaji, niliposoma habari za Italia. Mwishoni mwa 1975 sarafu ziliadimika kule mpaka wenye maduka wakawa wanarudisha chenji kwa pipi, stempu na tokeni za simu. (Kumbe si sisi peke yetu!) Desemba benki moja ya Torino ikaanza kutoa vicheki vidogo vya karatasi, na nyingine zikafuata: lira 50, 100, 150, hadi 350. Noti ilikuwa kazi ya Benki Kuu peke yake, basi ukatumika ujanja. Vingi viliandikwa kama hundi ya kawaida kwa jina la chama fulani cha wafanyabiashara, vikagongwa muhuri wa kuvihamisha, vikaingia mitaani. Watu wakanunulia kahawa.

Hapo nakiri vilinishinda mimi na pipi zangu, maana ukivirudisha dukani vilipokelewa. Lakini ngoja kwanza. Kila kicheki kilikuwa deni, na benki ilikwishapokea fedha yake siku ya kukitoa. Karatasi yenyewe nyepesi: ilichakaa, ilichanika, ilifuliwa pamoja na suruali. Vingine vikaishia kwenye albamu za wakusanyaji. Kila kimoja kilichopotea namna hiyo, benki ilibaki na chake. Kufikia mwisho wa 1978 sarafu zilipatikana tena, mchezo ukaisha.

Utaniambia, lira 100 kitu gani bwana? Mimi nauliza: nani aliyeupima udogo wake? Si yule aliyekuwa anadaiwa? Hata mimi, shilingi tano za watu niliziona ndogo mchana. Jioni nikihesabu sanduku zilikuwa fedha kabisa, na shangazi alinisifu. Hatukumwibia mtu kitu cha kumpeleka polisi. Tuliikata hasara vipande vidogo, mpaka mwenye haki akaona haya kudai.

Yule bibi hakuona haya. Kesho yake alirudi na pipi ile ile, haijafunguliwa, akaiweka mezani.

Nikamwambia chumvi imekwisha. Nilikuwa nimeegemea gunia lake.