Sitara na Ufa wa Chuma

Katika mwambao wa Waswahili, kusitiri ni miongoni mwa mambo ya mwanzo ambayo mtoto hufunzwa na wazee wake. Mgeni akiteleza ulimi, waliopo hujifanya hawakusikia. Jirani akikosa cha kutia chunguni, hupelekewa chakula gizani, ili mikono miwili, unaotoa na unaopokea, isionekane. Mwenye kutangaza aibu ya mwenzake huhesabiwa kuwa ametenda baya kuliko aibu yenyewe. Kwa mapokeo hayo, sitara ni nguo ambayo watu huvishana wao kwa wao, na mtu asiyeijua huambiwa hakulelewa.

Hata hivyo, liko swali ambalo mapokeo hayo hayalijibu kwa wepesi, nalo haliulizwi barazani peke yake. Huulizwa pia katika karakana za kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga na Kerege, penye mashine ya kuchomelea, rundo la mabomba, na pikipiki kuukuu iliyovuliwa tangi na kiti. Mwenye pikipiki huinama, akaonyesha kwa kidole mahali fremu ilipopasuka, akasema: "Fundi, niungie hapa, usawazishe, upige na rangi. Mtu asijue kama palivunjika." Je, fundi atakayeitii kauli hiyo atakuwa amesitiri, au atakuwa amefanya hiana?

Ili swali hilo lipimwe kwa haki, yafaa kwanza ijulikane kazi yenyewe ni ipi. Pikipiki za zamani hazikuumbwa kwa namna moja. Za Kiingereza, kama vile BSA na Triumph, nyingi fremu zake zilikuwa za mabomba yaliyotiwa katika viungo vya chuma cha kusubu, kisha yakashikamanishwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Kiungo cha namna hiyo kikipigwa umeme wa kuchomelea huweza kupasuka kando ya mshono. Kinachokifaa ni moto mpole wa gesi, na shaba ile ile. Za Kijapani, kama Honda CG 125 iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1970, fremu zake zilichomelewa tangu kiwandani. Vespa, ambayo mitaa ya Unguja inaijua vyema, haina fremu ya mabomba kabisa: tangu ilipobuniwa Italia mwaka 1946, mwili wake wa bati lililokunjwa ndio fremu yenyewe, na sakafu yake ikiliwa na kutu, kilicholiwa ni uti wa mgongo.

Ufa huanzia penye mzigo na mtikiso: katika shingo ya usukani, chini ya kiti, penye maungio ya gurudumu la nyuma. Hewa ya chumvi huingia ndani ya bomba ikalila kwa siri, na nje rangi ikawa bado inang'aa. Fundi mwaminifu huikwangua rangi hiyo hadi chuma kitupu, akaufuata ufa hadi ncha yake, akatoboa hapo tundu dogo ili usiendelee kutambaa. Kisha huufungua mdomo wa ufa, ili chuma kilichoyeyuka kifike hadi ndani. Bomba likiwa limekonda, hulitia bomba jingine tumboni au hulibandika kiraka cha chuma. Vijiti vyake vya kuchomelea huviweka pakavu, kwa kuwa unyevu wa pwani huingia katika ngozi ya kijiti na kuacha vishimo ndani ya mshono. Kazi yote hiyo ikikamilika, huacha kovu: tuta la chuma lenye mawimbi madogo madogo, lisilofichika.

Hapa ndipo penye mtihani. Tuta lile likisagwa mpaka bomba likawa laini, chuma alichokiongeza fundi huondoka, na mara nyingine hata chuma cha asili kilichokuwa kando yake hupungua. Puti na rangi vikishapita juu, jicho huona ukamilifu mahali ambapo mkono umezidisha udhaifu. Basi katika kazi hii uzuri na uimara havikai siku zote kitako kimoja, na anayetaka kovu lisionekane, aghalabu hulipa kwa nguvu ya kiungo chenyewe.

Lugha ya Kiswahili imekwisha kulionya jambo hili kwa wingi wa vitenzi vyake. Kuziba si kuunga, na kufunika si kuziba. Wahenga waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakusema kwamba usipoupaka chokaa utajenga ukuta. Kitenzi chomelea kimezaliwa na choma, nacho choma ni kuunguza na pia ni kudunga. Ndiyo kusema tiba ya chuma imepewa jina la jeraha. Nalo neno lehemu, lililotoka katika Kiarabu, lina mzizi mmoja na neno la nyama, na mzizi huo huo hutumika kwa kidonda kinapofunga, nyama ikakutana na nyama. Kidonda kilichovishwa kitambaa cha hariri kimependeza, lakini bado hakijafunga.

Fundi naye ana udhuru wake, na si haki kuupuuza. Wa kwanza ni kwamba mwenye mali ndiye aliyeagiza, na mtumishi hutimiza alichotumwa. Wa pili ni ufukara: anayekataa kazi leo huiona kesho imetiwa mkononi mwa jirani yake asiyeuliza maswali, na watoto nyumbani hawashibi kwa uaminifu wa baba yao. Wa tatu ndio mzito zaidi kwa mtu wa pwani, kwa kuwa umevaa nguo ya wema: kwamba yule mwenye pikipiki ni maskini, anataka kuiuza apate ada ya mwanawe, na kuifichua ila ya mali yake ni kumvua nguo mbele ya watu.

Udhuru wa kwanza huanguka mara abiria anapopanda kiti cha nyuma. Maagizo yalitoka kwa mtu mmoja, lakini uzito utakaobebwa na mshono ule ni wa watu ambao hawakuwapo karakanani: mama anayewahi zahanati, mwanafunzi, mchuuzi na ndoo yake ya samaki. Hao hawakuulizwa. Wamekalia amana bila ya kujua kwamba ni amana, nayo imo mikononi mwa mtu wasiyemjua kwa jina. Udhuru wa pili hauangushwi kwa maneno, kwa sababu njaa haijibiwi kwa hoja. Lakini njaa hueleza tu kwa nini mtu alitenda, haibadilishi alichotenda.

Udhuru wa tatu ndio unaohitaji kutazamwa kwa makini. Neno aibu katika Kiswahili ni fedheha. Katika Kiarabu lilikotoka, ni kasoro, hata kasoro ya bidhaa. Maana mbili hizo zikichanganywa, mtu hudhani kwamba kuificha kasoro ya kitu ni sawa na kuisitiri fedheha ya mtu. Lakini Waislamu wa pwani wanakijua kisa cha Mtume aliyepita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini yake ni majimaji. Muuzaji alipojitetea kwamba ni mvua, aliulizwa kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu, watu wakaiona. Hapo muuzaji hakulaumiwa kwa mvua, wala mali yake haikuharamishwa. Alilolaumiwa ni mpangilio wa lundo.

Kisa hicho kinaonyesha mpaka ulipo. Nafaka iliyolowa ina bei yake, na pikipiki iliyoungwa nayo ina bei yake. Fundi aweza kumsitiri mwenye mali kwa mengi: asisimulie vijiweni kwamba fulani ameishiwa, ampunguzie ujira, amngoje hadi mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo sitara, na gharama yake huilipa yule anayesitiri. Ufa ukifichwa, gharama humwangukia mtu wa tatu, tena asiyekuwa na habari.

Watu wapendao vitu vya kale watasema kwamba kovu huharibu asili, na kwamba pikipiki ya miaka 50 iliyojaa viraka si ile tena. Hoja hiyo ina umri mkubwa. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia juu ya jahazi la Theseus ambalo Waathene walilitunza kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama ni lile lile au ni jingine. Ufukoni mwa Bagamoyo ubishi huo haujazuia kazi. Mashua hupandishwa mchangani, ubao uliooza hung'olewa kwenye mataruma, mpya hupigiliwa, na pamba hukalafatiwa katika nafasi. Ubao mpya hukaa kati ya mikongwe ukiwa na rangi yake tofauti, na nahodha haoni haya. Chombo kimebaki kile kile kwa sababu kingali kinavusha watu, na bahari, ambayo haihadaiki kwa rangi, ndiyo inayokikagua. Pikipiki nayo hutambulikana serikalini kwa namba iliyogongwa katika fremu. Kovu haliifuti namba hiyo. Mtu akitaka fremu isiyo na alama hata moja, na aiweke ukumbini itazamwe. Itakayorudi barabarani haina budi kuonyesha palipoungwa, ili fundi wa pili, atakayeikuta baada ya miaka, ajue pa kutazama kwanza.

Lipo na lililo gumu kuliko yote, nalo ni kusema "haiungiki". Pana bomba lililoliwa kwa ndani kiasi kwamba kila linapoguswa na moto hutoboka, na kila tundu likizibwa hufunguka jingine. Fundi anayelirudisha kwa mwenyewe bila kulichomelea ameukosa ujira wa siku hiyo, na huenda akaitwa asiyejua kazi. Hakuna atakayemshukuru, kwa kuwa ajali isiyotokea haina shahidi. Labda ndiyo sababu wema wa namna hii ni adimu: hauna mtazamaji.

Yamkini jibu la swali lililoulizwa mwanzo limo katika tofauti baina ya mja na chuma. Mja aliyekosa husitiriwa kwa sababu anaweza kutubu. Anapewa giza kidogo ili apate kujirekebisha bila ya macho ya watu. Chuma hakitubu. Ufa uliopewa giza hautumii giza hilo kwa jambo jingine ila kuendelea.