Macho ya Ukoo Huchelewa Kufunguka

Mtoto wa Liuli hulijua jiwe la Pomonda kabla hajajua kusema sawasawa. Ndiyo maana kisa hiki, nilichokiunga kutoka visa vya nyumba nyingi, kinaanzia hapo.

Mjomba mtu alishuka kutoka Mbinga baada ya kuuza kahawa, kumsalimia dada yake aliyeolewa Liuli, ziwani. Akamkuta mpwa wake wa miaka minne kwenye kichanja cha usipi, akichambua samaki kwa vidole, uso ameugeuzia pembeni. "Mama," akamwambia, "nionyeshe Pomonda." Mtoto akasikiliza mawimbi yanakopigia, akanyoosha mkono upande huo, kisha akatulia kusubiri aambiwe kama amepatia.

Mjomba akanyamaza. Jioni akamwita dada yake kando.

Dada alikuwa amekwishaona siku nyingi. Mtoto alipokuwa na wiki sita, akimnyonyesha mlangoni penye mwanga, aliona weupe katikati ya mboni zote mbili, kama tone la uji. Macho yalikuwa yakichezacheza bila kutua popote. Akimwinamia, mtoto hamtazami usoni. Akisema neno, anageuka. Akampelekea mama mkwe habari, naye akajibu kwa upole: "Usihangaike, mwanangu. Macho ya ukoo wetu huchelewa kufunguka."

Basi wakasubiri yafunguke. Jirani akaleta majani ya kukamulia machoni, mwingine akasema nyumba imerogwa. Miaka ikapita.

Ishara nyingine ilikuwa ikitembea humo humo ndani. Baba wa mtoto alikuwa mvuvi wa usiku, na wenzake walimtania kwa kuvuta kofia hadi kwenye nyusi kila karabai zilipowashwa. Walidhani ni maringo. Kumbe mwanga wa taa ulimtawanyikia jichoni hadi asione wavu. Hakumwambia mtu, maana mchana alijimudu.

Mjomba hakukubali kurudi mlimani peke yake. Walipanda ile lami ya kilomita 60 na ushei kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, wakapita Songea, wakaishia Dar es Salaam. Daktari bingwa akawaambia mtoto ana ugonjwa wa mtoto wa jicho aliozaliwa nao. Akamgeukia baba, akammulika: naye anao, mdogo, wa tangu utotoni.

Wengi tunaujua mtoto wa jicho kama ugonjwa wa wazee, lakini upo wa kuzaliwa nao. Lenzi ya jicho, iliyopaswa kuwa angavu kama kioo, huwa na ukungu, na mwanga haupiti. Mara nyingine chanzo ni rubela iliyompata mama akiwa mjamzito. Chanjo ya surua na rubela ilianza kutolewa nchini mwaka 2014. Mara nyingine chanzo ni urithi, na katika aina moja ya urithi huo, mzazi mmoja mwenye ugonjwa anatosha: kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu. Mtoto wa kwanza akiugua, hajamkinga wa pili. Na mzazi aweza kuwa na ukungu kidogo tu, mwanawe akaupata mzito.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mtoto, hata hivyo, hakuona kama walivyotarajia. Daktari akawaeleza kwamba jicho hupokea mwanga tu. Anayeona ni ubongo, nao hujifunza kazi hiyo katika miezi na miaka ya mwanzo. Ukungu mzito wa macho yote mawili unatakiwa kutolewa mapema, kabla mtoto hajafikisha miezi mitatu hivi. Huyu alifungiwa dirisha miaka minne. Sasa anatofautisha mchana na kivuli, mtu na mti, lakini herufi za ubaoni zinampita.

Waliporudi, mama mkwe, bibi wa mtoto, alilia kabla hajaulizwa. Mdogo wake alikuwa kipofu tangu utoto hadi alipokufa, na yeye mwenyewe hakuwahi kuona vizuri. "Ningesema," akawaambia, "nani angempa mwanangu mke?"

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Bibi aliumbuliwa na mtoto mdogo aliyeombwa aonyeshe jiwe.

Mtoto wa pili alipozaliwa hawakusubiri macho yafunguke. Mama alimwambia muuguzi siku ile ile: kwetu kuna ugonjwa huu, mmulike. Weupe ulikuwepo. Alifanyiwa upasuaji wa kwanza kabla ya miezi mitatu, akavishwa miwani minene iliyofungwa kwa mpira kisogoni, na kila kliniki ya macho wanahudhuria, kwa kuwa jicho lililopasuliwa utotoni laweza kupata presha ya macho baadaye. Leo anahesabu mitumbwi inayorudi alfajiri.

Wewe mzazi, uliza pande zote mbili, kwa shangazi na kwa mjomba: nani alizaliwa haoni, nani alitolewa jicho, nani ana presha ya macho? Jibu lake mpe muuguzi hata kama hakukuuliza. Mtazame mtoto penye mwanga. Weupe kwenye mboni, macho yanayocheza, makengeza yasiyoisha baada ya miezi minne, jicho kubwa linalotoa machozi na kukwepa mwanga, au mtoto wa miezi mitatu asiyefuata uso wako: usilale na jambo hilo. Weupe huo waweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo nayo huweza kurithiwa, na ikicheleweshwa huondoka na mtoto mwenyewe. Majani na maziwa ya mama visiingie jichoni. Kituo cha afya kikikosa mtaalamu, omba rufaa. KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam wanatibu macho ya watoto.

Mwaka jana mtoto wa mwisho wa bibi yule alileta mchumba. Bibi alimkaribisha mkekani, akamwambia kabla chai haijaletwa: "Mwanangu, nyumba hii ina mtoto wa jicho. Ukijifungua, usisubiri." Binti aliuliza maswali mawili matatu, akajibiwa. Harusi ilifanyika baada ya mavuno.