GHALA LA YUSUFU NA BWAWA LA KARIBA

Somo: Mwanzo 41:25–36 na 42:1–5



Nilipokuwa nikisomea ualimu, mabweni yetu mawili yalitumia tangi moja la maji ya mvua. Kiangazi kilipozidi tulipatana ndoo moja kwa kila mtu kwa siku. Usiku mmoja nilichota ya pili, nikijiambia kuwa mvua i karibu. Kumbe sikuwa peke yangu. Mvua haikunyesha, tangi likakauka, na wenzetu wa bweni la pili wakaenda mtoni kabla ya mapambazuko.

Nimelikumbuka kosa hilo kwa ajili ya Kariba. Bwawa hilo liko katika mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, na ukuta wake ulikamilika mwaka 1959. Kila nchi ina mitambo yake ya umeme, lakini ziwa ni moja. Mamlaka ya Mto Zambezi, iliyoundwa na nchi hizo mwaka 1987, hupima maji na kuigawia kila nchi fungu lake la mwaka. Novemba 2022, maji ya kuendeshea mitambo yalikuwa yamebaki chini ya asilimia 5. Mamlaka ikaitaka Zimbabwe isimamishe mitambo yake, kwa kuwa ilikwisha kupita fungu lake. Mwaka 2024 ukame mkali ukazipiga nchi zote mbili, na giza likaingia nyumba za ng'ambo zote.

Tusiwahukumu. Yusufu alijulishwa hesabu: miaka 7 ya shibe, miaka 7 ya njaa. Sisi hatukujulishwa, na majira tuliyoyazoea yamebadilika. Basi asiyejua hesabu ndiye apaswaye kuweka akiba zaidi, tena katika mwaka wa shibe. Mwaka wa njaa hakuna cha kuweka. Tena ghala la Misri lilipofunguliwa, hata ndugu zake Yusufu kutoka Kanaani waliuziwa nafaka. Akiba ile haikuishia mpakani.

Wewe huna bwawa, lakini una kisima, au bomba la mtaa, au mfereji unaoteremka kwa jirani. Pima kabla ya kuchota. Fungu la jirani si akiba yako.

Tuombe: Ee Bwana wa mvua na jua, utupe kutosheka na fungu letu, tumkumbuke na aliye ng'ambo; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.